Chungu Kibichi cha Anselmi

Asubuhi ile pete ya ndoa ya Marystella ilikutwa nyeusi kidoleni. Haikuwa masizi ya jikoni. Ilikuwa nyeusi ti, kana kwamba fedha nayo imefiwa.

Mwenyewe alikuwa amefiwa, ila hakuwa amelia bado. Tangu ziwa limmeze mumewe Anselmi, bwana samaki, na lisimrudishe, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Watu wa msibani walisema mwalimu ana moyo wa jiwe. Waache waseme, ganzi nayo ni maumivu, ila hayajafika tu.

Kwa kuwa alifundisha kemia, pete haikumbabaisha. Fedha ikikutana na salfa hushikana, basi. Alitandika foili bakulini, akaweka pete, magadi soda na maji ya moto. Salfa ikahamia kwenye foili, pete ikarudi nyeupe. Kufika mchana ilikuwa nyeusi tena.

"Mama," alisema Dainess, bintiye wa miaka sita, kaziba pua, "nani kavunja yai viza?"

Harufu ilitoka kwenye chungu cha maji kule chumbani. Na chungu hicho kilikuwa na siri yake.

Kwa wafinyanzi wa ufukwe ule, mtu akipotelea ziwani asionekane, familia yake hufinyangiwa chungu kisichochomwa. Hutiwa majini kibichi, kikayeyuka polepole, na marehemu akayeyuka nacho, akapumzika. Cha Anselmi alikifinyanga Bibi Rut, jirani yao. Marystella, mtu wa kuja, mzaliwa wa Bukoba, alikipokea kwa mikono miwili, kisha roho ikagoma. Wahenga husema mfinyanzi hulia gaeni. Yeye hakuwa na hata gae la mumewe. Akakipeleka kwa siri kwa vijana wanaochoma vyungu vya soko la Lyulilo, kikarudi kigumu na cheusi. Bibi Rut aliambiwa kimeshatiwa ziwani.

Marystella alileta kutoka maabara ya shule karatasi iliyolowekwa dawa ya madini ya risasi, akaishikilia juu ya mdomo wa chungu. Ikageuka nyeusi mbele ya macho yake. Sababu aliijua: kwenye matope yasiyo na hewa kuna vijidudu vinavyotoa gesi ya salfa, yenye harufu ya yai viza. Anselmi alizoea kumwambia kwamba kina cha Nyasa hakina hewa wala samaki, na chupa ya kupimia ikiteremshwa huko hurudi inanuka.

Lakini haya yalikuwa maji ya bomba. Aliyamwaga, akakikosha chungu kwa maji yanayochemka, akajaza mapya. Jioni yalinuka kuliko mwanzo, na bila kuguswa na mtu yalipanda na kushuka, yakigonga ukuta wa chungu taratibu kama ziwa linavyogonga ubavu wa mtumbwi. Marystella alisimama akasikiliza. Alijua anapaswa kuogopa, akausubiri woga, usije.

Ulikuja kesho yake, alipomkuta Dainess ameegesha sikio kwenye chungu, macho mekundu.

"Unasikiliza nini?"

"Baba. Anasema kule chini hakuna hewa. Anaomba ya kwetu."

Alimtoa mtoto uani, akamwambia asiingie ndani, akakimbilia kwa Bibi Rut.

"Mugonile, bibi," alisalimu.

"Ndaga, mwalimu. Mbona unahema?"

"Kile chungu. Nilikichoma."

Bibi Rut aliweka udongo chini. "Sema polepole," alinong'ona. "Ulikichoma?"

"Nilitaka nibaki na kitu chake."

"Kilichoiva hakiyeyuki, mwanangu. Umeacha mlango wazi, na aliyeingia si Anselmi. Ni jini la kilindini, limeazima sauti yake. Kakivunje mwenyewe. Magae nitayatwanga, niyachanganye na udongo mbichi, nifinyange kingine tukakitie ziwani. Lakini yote, lisibaki hata moja."

"Na ile harufu?"

"Likinuka, lipo mbali. Ogopa likiacha kunuka."

Maneno hayo Marystella huyaandika ubaoni kila mwaka: gesi ile ikiwa kidogo hunuka, ikizidi huua pua kwanza, mtu akadhani imeondoka, kumbe ndiyo imefika.

Alirudi mbio, na uani hakumkuta Dainess, na mlango ulikuwa wazi, na ndani hewa ilikuwa safi, safi kabisa, bila harufu ya yai wala ya sabuni wala ya wali ulioungulia jikoni, na maji yalikuwa yakigonga, yakigonga, na mtoto amelala amekikumbatia chungu, midomo imeiva kama zambarau, naye Marystella akabana pumzi, akanyanyua mchi wa kinu, akapiga.

Maji meusi yakatapakaa. Alimburuta mwanawe hadi nje, akampiga mgongoni mpaka akakohoa, akalia, akapumua.

Mtoto alipotulia aliokota magae, moja moja, kwenye ungo. Moja lilikuwa na alama ya kidole cha Bibi Rut, dogo kama ukucha. Mkono wa Marystella ulilitia mfukoni mwa gauni.

"Ni yote?" aliuliza Bibi Rut.

"Yote, bibi."

Chungu kipya kilitiwa ziwani, kikayeyuka. Pete ikabaki nyeupe. Ila pua ya Marystella haikurudi. Hata mchele wa Kyela ukitokota hakusikia kitu. Hivyo kila asubuhi humuuliza mwanawe, "Unasikia harufu yoyote?"

"Ya chai, mama," Dainess hujibu. Au ya samaki. Au ya mvua. Naye huitazama pete, akashusha pumzi.

Jumapili moja, akijiandaa kwenda kanisani, alivaa gauni lile lile, akaketi kitandani kwa mwanawe aliyekuwa bado amelala, akauliza kama kawaida.

Dainess alitabasamu bila kufumbua macho. "Leo hakuna, mama. Hakuna kabisa."

Marystella alitia mkono mfukoni. Gae lilikuwa limelowa. Akautoa mkono, akatazama kidole: pete nyeusi ti. Akataka kusimama ambebe mtoto, lakini miguu ilikuwa imeshakufa ganzi.