Mzee Msafi na Matete ya Nyuma ya Nyumba

Jamani, nani asiyependa usafi? Basi sikilizeni yaliyoikuta nyumba ya mtu aliyeupenda kupita kiasi.

Bibi mmoja na mumewe walikuwa na nyumba ya wageni kando ya mto. Asubuhi bibi alifua mashuka na kuyaanika, huku mumewe akifagia ua mpaka kuku waone haya kuukanyaga. Watu walimwita Mzee Msafi, naye alilipenda jina hilo kuliko lake. Maji ya vyooni na bafuni yalipita kwenye shimo, kisha kwenye kitalu cha kokoto kilichoota matete, ndipo yakaingia mtoni. Binti yao aliolewa upande wa chini wa mto huohuo, na mtoto wake mdogo aliogeshwa na kunyweshwa maji yake.

Siku moja mgeni alichungulia dirishani, akauliza kama kule nyuma ni pori. Ndugu zangu, neno hilo lilimchoma Mzee Msafi.

"Pori! Nyumbani kwangu?" alifoka, akachukua panga.

"Baba, fundi aliyekijenga kitalu alisema tusiyaguse," mkewe alimkumbusha. "Hayo matete na ule ute kwenye kokoto ndivyo vinavyosafisha maji."

"Ute usafishe? Mama watoto, tangu lini uchafu ukaondoa uchafu?"

Aling'oa matete yote na mizizi yake. Kokoto akazisugua kwa brashi na sabuni mpaka zikang'aa. Bibi alisimama na beseni lake, roho juu. Alimjua mumewe: akishashika brashi, haambiliki. Akampigia binti yake simu.

"Mwanangu, maji ya mto msiyatumie kwanza."

"Sasa mama, tutumie yapi? Huku bomba liko wapi?"

 

Maji ya mto yakaanza kunuka, na mjukuu akaanza kuharisha. Habari zilipofika, Mzee Msafi alihangaika kama kuku aliyekatwa kichwa. Aliwaondoa wageni, akafunga vyoo, akaenda kutafuta matete mengine na kuyapanda. Yakalala chini, manjano. Ute nao hauuzwi dukani. Huja wenyewe, polepole, ukiachwa. Na yale yaliyokwisha kuingia mtoni hakuna aliyeweza kuyarudisha.

Hospitalini bibi alikishika kiganja cha mjukuu wake, akaona macho ya mtoto yamedidimia. Muuguzi alijitahidi. Bibi aliomba, akalia, akaomba tena. Mtoto hakupona.

Baada ya maziko binti alikuja kwa wazazi wake, akasimama mbele ya kokoto zile nyeupe.

"Baba, kumesafishika kweli," alisema taratibu. "Uchafu wenyewe uliupeleka wapi?"

Mzee aliinamisha kichwa. 

FUNZO

Ndugu zangu, kinachopendeza macho si lazima kiwe safi, na kinachoonekana kama pori huenda ndicho kinachotulinda. Ukiambiwa kitu usikiguse, uliza sababu na uisikilize, hata kama anayekuambia ni mkeo. Na kabla hujamwaga maji yako, jiulize nani yuko huko chini. Mzee Msafi alimjua vizuri aliyekuwa huko, alimwoza mwenyewe.