Dirisha Lenye Picha Mbili

Kila siku baada ya masomo, Redio alipitia studio ya shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alipewa na Fundi, mzee aliyetengeneza kamera kwenye meza ya pembeni, kwa sababu msichana huyo alianza kuzungumza mlangoni na alizimwa na usingizi tu. Alifagia, akapanga fremu, kisha akaketi kusikiliza ubishi wa wakubwa wake wawili.

Ubishi ulihusu kamera moja. Ilikuwa ya kidijitali, nyeusi, ndogo, yenye bei ya kutisha, na Shangazi alijinyima miaka mingi ili ainunue. Haikujilengea yenyewe kama kamera nyingine. Ukichungulia katika dirisha lake dogo, pale katikati uliona kila kitu mara mbili: pua mbili, videvu viwili. Ulizungusha pete ya lenzi polepole mpaka picha hizo mbili zikalaliana zikawa moja, ndipo ukabonyeza. Shangazi akiishika, ilikuwa raha kumtazama. Mteja alikuwa amekwisha kupigwa picha kabla hajakumbuka kukaza uso.

"Haya, tutabiri," alisema Fundi siku hiyo, bisibisi mkononi. "Kamera za aina hii zinaelekea wapi? Mimi nasema zitakuwa nyembamba zaidi, na skrini ya nyuma wataiondoa. Wanaozinunua hawapendi mbwembwe."

"Skrini wataiacha," Shangazi akajibu. "Wataongeza uwezo wa kuona gizani. Ila dirisha hawaligusi. Anayenunua kamera hii ananunua dirisha."

"Watalitoa," Redio akadakia. "Wataweka skrini ndogo humo ndani, na kamera itajilengea. Nani ana muda wa kuzungusha pete? Hata simu ya mama inajua uso uko wapi."

"Huyu atakuwa wakili," Fundi akasema, na hakutania. Redio aliitetea hoja yake siku zilizofuata, kila siku kwa sababu mpya, na Shangazi alimsikiliza kwa fahari.

"Basi, wakili wangu," alimwambia mwanzoni mwa wiki, "Jumamosi ukoo mzima unakutana kwa bibi yako. Katika picha zote za ukoo huu mimi simo, maana ndimi ninayepiga. Mama yangu anazidi kuzeeka. Safari hii nataka nikae karibu naye. Utapiga wewe, kwa kamera hii."

Redio akachukua ufagio, akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Alifanya mazoezi kwa Fundi, aliyetulia kitini kama mtu anayenyolewa. Walipozifungua picha kwenye kompyuta, ukuta ulionekana vizuri, tofali kwa tofali. Fundi mwenyewe alikuwa ukungu mtupu.

"Si nilisema?" Redio akajitetea haraka. "Dirisha hili limepitwa na wakati."

Shangazi hakucheka. Alimtazama machoni, kisha akaonyesha kalenda iliyotundikwa kwenye ukuta wa mbele. "Nisomee pale juu pameandikwa nini."

"Si mwezi huu?"

"Soma, mwanangu."

Redio alifinya macho, akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. "Sioni. Hata ubaoni sioni, nanakili kwa rafiki yangu. Nikivaa miwani wenzangu wataniita bibi kizee. Na hizo picha mbili za dirishani, Shangazi, sijawahi kuziona. Naona ukungu tu."

"Mficha maradhi, kilio humfichua," Fundi alisema kwa upole.

Shangazi alimvuta Redio karibu. Aliumia, tena sana. "Kazi yangu ni kutazama watu," alisema, "na wewe uliye mbele yangu kila siku sikukuona."

Kesho yake alizungumza na wazazi wa Redio, wakampeleka kwa daktari wa macho. Miwani ilipatikana kabla ya Jumamosi. Redio aliporudi studio alichungulia dirishani, akaishusha kamera, akachungulia tena.

"Fundi, una pua mbili," alinong'ona. Akaizungusha pete mpaka ikabaki moja.

Jumamosi aliwapanga watu wazima kwa sauti ya amri, na hakuna aliyebisha. Shangazi alikaa ameushika mkono wa mama yake. Redio alilenga macho ya bibi, akasubiri wote wapumue, akabonyeza. Picha ilitoka safi hata mikunjo ya nyuso iliweza kuhesabika.

"Sasa je, dirisha wanalitoa?" Fundi alimchokoza waliporudi kazini.

"Nadhani watalibakisha. Ila wataweka kigurudumu cha kulirekebisha kulingana na macho ya kila mtu. Huenda nikakosea."

"Utabiri huo nauamini," Fundi akasema. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

Shangazi alikuwa bado ameishika ile picha. "Hata utabiri wako wa kwanza huenda ukatimia," alisema. "Sina kiwanda mimi, sijui. Kosa lako halikuwa kutabiri. Ulitaka kesho ije ikufichie shida ya leo. Mwili ukikusumbua, sema mapema. Aibu ya kusema ni ya siku moja, na wanaokupenda hawawezi kukusaidia kwa jambo wasilolijua."

Kisha aliitundika picha ukutani, akarudi nyuma kidogo kuitazama. Kwa mara ya kwanza, na yeye alikuwemo.