Mwali Usioonekana

Mashine ya boti ilizimika ghafla nje ya kijiji cha pwani cha Qantab, na mawimbi yakawabwaga Badr na dada yake Rahila kwenye kighuba kilichozingirwa na majabali. Boti ikapasuka, dumu la maji nalo likapasuka. Simu ziliingia maji. Mguu wa Badr ulichanika. Rahila akaufunga kwa mtandio wake.

Kesho yake adhuhuri, midomo yao ilikuwa imekauka.

"Nna kiu, Rahila."

"Bahari tunayo, kaka. Na jiko la kahawa tunalo, na birika lake."

Lilikuwa kikopo cha shaba kinachowaka kwa spiriti. Rahila alitia maji ya bahari birikani, akaukinga mvuke kwa sahani ya bati iliyofunikwa kitambaa kibichi, chini akatega kikombe.

Upepo uliulaza mwali, birika halikuchemka. Alilizungushia mawe. Mwali wa buluu ukageuka njano, ukatoa masizi.

"Umeunyima hewa," alisema Badr.

Rahila akaondoa jiwe moja. Buluu ikarudi. Aliliinamia jiko, akasahau kiu: kumbe kadiri kikopo kilivyopata moto, mwali ulizidi kukua. Kilichoungua hakikuwa spiriti yenyewe bali mvuke wake! Matone yakaanza kudondoka kikombeni.

Baadaye, kivuli cha jabali kilipowahama, hakuuona mwali tena juani. Alinyanyua chupa ya spiriti aongeze.

"Usitie!" Badr alimdaka mkono.

Rahila akapitisha ujani mkavu juu ya kikopo. Ukawaka papo hapo. Angemimina, chupa ingeshika moto mkononi.

"Kunywa, kaka. Mimi nshakunywa," alisema kila kikombe kilipopata funda moja.

Magharibi, spiriti ilikuwa imebaki kidogo tu. Mara wakasikia mashine ya boti kwa mbali.

"Tuchemshe maji, au tuwaashirie?" aliuliza Badr.

"Tuwaashirie. Lakini buluu hawataiona."

Alikwangua chumvi iliyoganda birikani, akaipaka ukingoni mwa kikopo na kutia nyingine ndani, akakiweka juu ya jabali. Kwa chumvi ile mwali ukapanda, wa njano, mkali. Badr alisimama kwa mguu mmoja, akaukinga upepo kwa kifua chake.

Boti ikawageukia.

Mvuvi, Bakhit, aliwapa chupa ya maji. Rahila aliinywa yote bila kupumua. Badr alimtazama, akaelewa.

"Hukunywa hata tone, weye."

"Ulikuwa ukitoka damu," alisema Rahila, akaomba chupa nyingine.