Theluji Katika Mkoba wa Nighat

Asubuhi ile duka la bokoboko pale mtaa wa Aali Kadal, kwetu milimani, lilijaa hadi mlangoni, na harufu ya nyama ya kondoo iliita watu tangu mtaa wa pili. Nighat alisimama ndani ya joho la sufu rangi ya zambarau, tumbo limetuna kama la aliyeficha chungu cha makaa ndani, tufanyavyo kwetu wakati wa baridi.

"Dada, huo moto wako mbona hautoi moshi?" aliuliza kijana nyuma yake.

"Si chungu cha makaa, kaka. Ni kamera, isipate baridi."

"Unampiga picha nani?"

"Bata bukini. Ukitaka nikupige na wewe, nuna hivyo hivyo, umefanana nao."

Watu wakacheka. Kijana alikuwa Imtiyaz, muuza shali. Kila majira ya baridi alikuwa akienda Kolkata, mji wa mbali wenye joto, na mjomba wake, kuuza shali nyumba kwa nyumba. Mwaka ule alisema mguu unamuuma. Mguu ulikuwa mzima, wajukuu zangu. Kilichouma kilikuwa juu zaidi.

Tangu siku ile, kila alfajiri wakawa wanakwenda wote wawili bwawani, nje ya mji, kupiga picha. Maji yameganda, bata wamelala juu yake, vichwa vimefichwa mbawani. Nighat alilala kifudifudi kwenye matete, Imtiyaz ubavuni.

"Ukikohoa, nakuacha."

"Nikikohoa nitakuwa nimeshakufa kwa baridi, mpenzi. Utamwacha nani?"

Wiki tatu zikapita. Ndipo theluji ya kwanza ikaanguka. Kwetu, siku hiyo, mtu akikupa theluji aliyoifunga ukaipokea bila kujua, umeshindwa, atadai atakacho. Imtiyaz akaifunga kwenye kitambaa cha mikate.

"Shika, utakula njiani."

Nighat alikuwa anawahi gari. Hakufungua. Alikitupia mkobani, juu ya kamera, na alipofika nyumbani akauweka mkoba kando ya jiko. Jioni alikuta theluji imeyeyuka, kamera imelowa chepechepe. Fundi alitikisa kichwa: hakuna hata picha moja iliyosalia.

Nighat akampigia Imtiyaz simu. "Ulitaka nini kwangu, Imtiyaz?"

"Mchezo tu, roho yangu, nilidhani utafungua pale pale..."

"Basi umeshinda. Usinipigie tena."

Imtiyaz akapiga. Nighat hakupokea. Siku kumi na moja Nighat alikunywa chai yetu ya chumvi ikipoa mkononi, simu iko mapajani. Ikilia, anaugeuza uso. Ikinyamaza, anaitazama.

Siku ya kumi na mbili akapokea. Upande wa pili zikasikika sauti za bata.

"Nimelala pale pako," Imtiyaz akasema. "Wapo wote. Mjomba ameshakata tiketi, naondoka Jumamosi."

Nighat alifika anahema, shungi limelegea. Bata mmoja alitua vibaya, akateleza kwa makalio mpaka kwa wenzake. Nighat akacheka bila kupenda.

"Siku ile ungedai nini?"

"Unisubiri mpaka nirudi. Nilijua mjomba ataniita tu."

Nighat akalifunga shungi lake. "Hilo sikupi kwa kushindwa mchezo."

"Nimeelewa." Imtiyaz akainama.

"Hujaelewa, wewe! Mwambie mama yako aje Ijumaa aongee na mama yangu. Nakupa kwa kuwa nataka mwenyewe. Na avae vizuri, mama ana maneno."

Mama yake Imtiyaz alikuja, amevaa vizuri. Jumamosi Imtiyaz akaondoka. Barafu ikalegea, bata wakarudi kwao kaskazini, bwawa likabaki maji matupu. Nighat alilipita kila akienda mjini, na kila mara shingo ilimgeuka.

Usiku mmoja simu ikalia kutoka Kolkata.

"Huko kuna baridi, mpenzi?" Nighat akauliza.

"Hakuna," Imtiyaz akajibu. "Joto tupu, hata theluji ya kukufungia hakuna. Ndiyo tabu yenyewe."