Sharti la Tatu

Phanice Nyatichi bado yupo. Ukipita kambi yetu ya juu, ile inayotazama bonde la chai upande wa Sosiot, utamwona anaanika nguo. Msalimie upite. Usimuulize habari za mume wake, kwa sababu atakujibu.

Siku hizo walikuwa watu wa raha tu. Zack Arasa, mumewe, alikuwa wa mashine za kuchuna chai, mtu wa mzaha, anavaa gambuti barazani kila asubuhi huku akilalamika ati soksi moja imepotea tena. Phanice alikuwa wa kompyuta katika ofisi ya shamba. Walikuja pamoja kutoka Nyamira wakiwa vijana, na binti yao, Bilhah, alikuwa shule ya bweni.

Kazi ya Phanice ilikuwa kutengeneza ripoti. Hapa kwetu kila mfanyakazi huweka kidole kwenye mashine bandani kabla ya kuingia kwenye chai, na zahanati nayo hujaza nani mgonjwa, nani amefariki. Supavaiza wetu, Bethwel, alikuwa amechoshwa na wafanyakazi hewa, yaani marehemu ambao majina yao yanaendelea kuonekana kazini. Basi Phanice akaipa kompyuta masharti mawili: ameweka kidole leo, NA amefariki. Mtu atokee tu kama yote mawili yametimia. Siku ya kwanza aliandika AU badala ya NA, kompyuta ikamletea wazima wote na wafu wote wa shamba kwa pamoja, na Bethwel akacheka mpaka akashika ukuta. Alipoirekebisha, ripoti ikatoka tupu. Ikawa inatoka tupu kila asubuhi, na ndivyo ilivyotakiwa.

Halafu asubuhi moja ikatoa jina. Obure.

Phanice alimwona Obure kwa macho yake kupitia dirishani, gunia begani, anapiga domo kama kawaida. Akapigia zahanati simu, wakamwambia hawajamwandika popote. Alasiri ikaja mvua ya mawe, na radi ikampiga Obure katikati ya chai. Zahanati walipofungua habari zake waandike amefariki, walikuta imeshaandikwa.

Hilo Phanice alimwambia Zack peke yake. Zack alicheka, akasema hata kompyuta huchoka kama watu, akamtaka ale alale.

Haikupita wiki mbili. Asubuhi ilikuwa ya jua, chai inang'aa mpaka inaumiza macho. Phanice akabonyeza. Likatoka jina moja.

Zack Arasa.

Alipiga simu, haikushika. Akatoka mbio bila koti. Zack alikuwa amepelekwa shamba la mtoni, kule kwenye mikaratusi, na ni mbali. Phanice alifika nusu ya njia mbingu ikageuka nyeusi. Mawe yakaanza kuanguka, yale makubwa ya kupasua kichwa. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hataacha kulijutia.

Alirudi.

Alirudi ofisini analia, maji yanamchuruzika, akaketi mbele ya kompyuta na kuongeza sharti la tatu. Ameweka kidole leo, NA amefariki, NA SI Zack Arasa. Akabonyeza. Ripoti ikatoka tupu. Tupu kabisa, jamani, nyeupe kama shuka. Phanice akamshukuru Mungu kwa sauti, na hakutoka tena kumtafuta mumewe.

Na jioni Zack akarudi nyumbani.

Alisimama mlangoni amelowa chapachapa. Phanice alimkumbatia, akamvuta ndani, akamuuliza mvua ilimkuta wapi.

"Baridi," Zack akasema.

Alikaa karibu na jiko akitazama ukuta. Ugali haukuguswa, mboga za chinsaga hazikuguswa, maziwa ya mursik waliyopewa na jirani hayakuguswa. Phanice alijiambia ni uchovu. Amerudishiwa mume wake, maswali ya nini?

Lakini mvua ilikatika. Kiangazi kikashika, barabara ikawa vumbi tupu. Na kila jioni gambuti za Zack zilikuja zimelowa.

Mikono yake haikupata joto. Kucha zilijaa udongo mweusi. Phanice aliziosha kwenye beseni, akazisugua kwa brashi. Kesho yake zilirudi vilevile. Mbwa wa jirani aliacha kulala upande wetu wa kambi. Kitandani, upande wa Zack ulikuwa na unyevu.

Jioni moja Phanice alimshika mkono. Akanong'ona, "Baba Bilhah, siku hizi unafanya kazi wapi?"

Zack hakugeuka.

"Palepale," akasema. "Nakungoja."

Asubuhi iliyofuata zamu ya kuchuna ilifika tena shamba la mtoni. Mashine haikupita. Mkaratusi ulikuwa umeanguka katikati ya mistari, na chini yake alikuwa Zack.

Alikuwa pale tangu ile mvua. Mti ulimlalia miguu tu. Daktari alisema hakufa siku hiyo, alikaa hai usiku kucha, pengine hata zaidi. Kila mahali mkono ulipoweza kufika, udongo ulikuwa umekwaruzwa.

Watu wakauliza imekuwaje mtu alale nje siku zote hizo bila kutafutwa. Bethwel akaonyesha kumbukumbu za bandani: kila asubuhi kidole cha Zack kiliwekwa. Wenzake wakadhani amehamishiwa shamba lingine. Ripoti ambayo ingepiga kelele ilikuwa tupu, na Phanice peke yake ndiye aliyejua sababu. SI haikuwa imemtoa Zack penye kifo. Ilimtoa kwenye karatasi. Phanice alikuwa ameiambia kompyuta isimwonyeshe, na kompyuta ikamtii.

Tulimzika Nyamira, gambuti zake miguuni, maana zilikataa kuvulika. Phanice alikaa huko mpaka matanga yakaisha.

Siku aliyorudi kazini, alimwita Bethwel asimame karibu naye, akafuta sharti la tatu mbele yake. Yakabaki mawili. Akabonyeza.

Zack Arasa. Kidole cha asubuhi hiyo.

Bethwel alifunga mlango polepole.

"Irudishe ile SI," akanong'ona. "Sitaki kuliona hilo jina."

Phanice alijua maana yake. SI ikirudi, jioni mlango utafunguliwa. Angeweza kukataa. Angeweza kufunga virago aende kwa mama yake siku hiyohiyo. Ila kuna mtu alikuwa anamngoja, na alishamwacha njiani mara moja.

Akairudisha. Jioni akawasha jiko mapema, akachemsha maji, akatoa brashi.

Mimi ni jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Nilisikia mlango ukifunguliwa. Nikasikia Phanice akisema, kwa sauti ya chini, "Nimekuja, Baba Bilhah. Nisamehe." Kisha nikasikia maji tu, na brashi inasugua, inasugua.

Asubuhi nilitoka nje. Kulikuwa na vumbi kila mahali, na barazani kwa Phanice lilikuwepo beseni lenye maji meusi ya udongo. Kando yake zilisimama gambuti, mbichi, zinatiririka maji. Nilizitambua.

Ni mimi niliyefunga lile jeneza.