Sauti Iliyosema Nimepokea

Kosa la yule binti lilikuwa nini, hakuna aliyewahi kulijua. Baadaye waliulizwa wote, mmoja mmoja, na kila mmoja alisema alimkuta mwenzake amekwisha kumnunia, naye akafuata. Ukiwafuatilia kutoka mdomo hadi mdomo unazunguka karakana nzima na kurudi ulikoanzia, bila kumpata aliyeanza.

Ilikuwa karakana ya kushona sare za shule, chumba kirefu chenye vyerehani vya umeme vilivyopangwa mstari mmoja, na watu waliitwa kwa kazi zao. Mama Kola alishona kola na ndiye aliyekuwa msimamizi. Mzee Pasi alipiga pasi. Binti mwenyewe aliunga mabega, basi akawa Mabega. Kati yake na Mama Kola palikuwa na kiti cha Mikono, mshona mikono ya mashati, ambaye alikwenda kujifungua akaacha kiti kitupu, na kazi yake ikaangukia kwa Mama Kola.

Kwa sababu ya kelele, na kwa kuwa sindano haichagui kati ya kitambaa na kidole, hakuna aliyesogeza fungu la nguo kwa jirani bila kuita, "Pokea." Jirani aliinua mguu kutoka kwenye pedali, akajibu, "Nimepokea," ndipo nguo zikasukumwa.

Jibu hilo ndilo walilomnyima. Mabega aliita, Mama Kola akaendelea kushona. Aliita tena, na yule wa vifungo akauliza hewani mbona panya wamezidi humu ndani, kuna kitu kinalia, na kicheko kikapita kiti hadi kiti. Wakati wa chakula binti alikaa peke yake nyuma ya marobota ya vitambaa, akitafuna polepole ili chakula kimalize muda wote wa mapumziko, maana hakujua macho ayapeleke wapi akimaliza.

Alasiri moja ya mvua aliita kwa mazoea tu.

"Nimepokea."

Sauti ilitoka kwenye kiti kitupu, ya chini, ya upole, kama ya mtu aliyengoja zamu yake kwa muda mrefu. Fungu likateleza mezani bila kusukumwa. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea, na palinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa muda si mrefu. Angekimbia. Hakukimbia, na asiyewahi kukaa wiki nyingi bila kuitikiwa asiharakishe kumlaumu.

Mashati yaliyofika kwa Mama Kola siku ile yalikuwa tayari yana mikono, imeshonwa vizuri ajabu, ila kila mmoja ulizibwa mwishoni, kiganja kisipate pa kutokea. Alimtupia binti rundo zima mapajani. "Unatuharibia kazi, bibie?" Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kuambiwa tangu asuswe, na nusura alie kwa furaha.

Tangu hapo chakula akakilia kando ya kile kiti. Alikinong'oneza habari za nyumbani, za viatu vyake vinavyombana, za ndoto zake, na kiti kikaguna pale mtu anapotaka kuguniwa. Lakini nyumbani mambo yalianza kwenda kombo. Aliingia akasalimu kwa sauti, mama yake akaendelea kufua, kisha akageuka na kushtuka. "Umeingia saa ngapi, mwanangu? Mbona siku hizi husalimii?" Alipojibu, mama alikuwa amekwisha kugeukia beseni lake.

Siku umeme ulipokatika mchana, vyerehani vyote vilizimika kwa pamoja, na katika ule ukimya ambamo watu husikia masikio yao wenyewe yakivuma, cherehani cha kile kiti kitupu kiliendelea kushona, taratibu, bila umeme na bila mtu, sindano ikipanda na kushuka, harufu ya udongo ikatambaa chini ya meza hadi miguuni mwa kila mmoja, kisha kikasimama, na ile sauti ya upole, ambayo sasa wote waliisikia, ikamwita binti: "Pokea." Shati likamtelezea mezani, kipimo chake barabara, mikono imezibwa. Binti akaanza kuingiza kichwa ndani yake. Alikuwa amefungua mdomo kuitikia wakati Mzee Pasi aliporuka meza na kumziba kwa kiganja chake chenye makovu ya moto.

"Usimjibu," alimnong'oneza. "Mjukuu wangu, tafadhali, usimjibu."

Mzee alituma aitwe dada yake, mwanamke aliyejulikana kwa kutoa majini. Alifika, akanusa, hakuwasha hata ubani.

"Huyu hakutumwa na mtu," alisema. "Kila mlichomnyima binti, yeye alimpa. Leo anadai."

Kuna aliyependekeza binti aachishwe kazi. Mganga alisema akibaki peke yake watakuwa wamemwoza kwa jini, basi. Na moshi wa ubani? Moshi ungemtoa leo, kesho angerudi, maadamu kiti kitupu na mwito hauna wa kuujibu. Dawa ni mtu akae pale, na kila binti akiita, mdomo wenye pumzi uwahi kumjibu. "Ila atakayekaa ajue, atakuwa amekaa mapajani mwa mwenye kiti, mpaka mwenyewe achoke aondoke."

Wote walitazama sakafu. Mama Kola alimwangalia binti, aliyekuwa ndani ya mikono ya Mzee Pasi, na pengine ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona jinsi alivyokuwa mdogo. Akachukua mkasi wake na uzi wake, akaenda akakaa.

Mto ulikuwa baridi, na chini yake kitu kilijisogeza kumpa nafasi. Pumzi yenye udongo ikamgusa kisogoni.

"Ita, mwanangu," alisema.

Mabega aliita. Sauti yake ilikuwa imekwisha kiasi kwamba hata yeye hakujisikia. Nyuma ya sikio la Mama Kola midomo mingine ilifunguka, ikavuta hewa, naye akaiwahi kwa ukelele uliomfikia mlinzi getini:

"Nimepokea!"

Akalivuta fungu kwa mikono yake miwili. Binti akaita tena, akajibiwa tena, na hivyo hivyo hadi jioni.