Alama Shavuni kwa Estill Caudill

Kisa hiki alinisimulia Darrell Napier mwenyewe, mwaka ule aliostaafu upelelezi. Tulikuwa jikoni kwangu tukitunga maharage mabichi na maganda yake kwenye uzi ili tuyaanike, yaliwe majira ya baridi. Alikuwa anatunga moja, ananyamaza, anatunga jingine. Nakieleza kama alivyonipa.

Maiti ya Estill Caudill ilikutwa Jumatatu, wiki ya Krismasi, katika kibanda cha bati alichopanga nyuma ya kituo cha mafuta. Mwenye kibanda alikwenda kuangalia kama mabomba yamepasuka kwa barafu. Akagonga, akafungua, akamwona amelala chali kitandani, mikono kifuani, nywele zimelowanishwa na kuchanwa vizuri, amefunikwa blanketi la viraka mpaka kidevuni.

Inspekta Napier alifika na konstebo wake, Tammy Fugate. Alisimama mlangoni kwanza. Ndiyo tabia yake, hagusi kitu kabla macho hayajamaliza kazi.

"Tammy, huyu bwana amekaa hapa muda gani?"

"Miaka mitatu, afande. Tangu aachane na Verna."

"Fungua jokofu."

Tupu. Maji ya choo yalikuwa yameganda. Godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani. Hakukuwa na sahani wala sufuria, hata kikombe kimoja chenye alama ya kahawa.

"Labda alikuwa msafi," alisema Tammy.

"Hakuna mwanamume msafi kiasi hicho. Mke wangu akilala kwa dada yake usiku mmoja tu, jikoni kwetu hapatazamiki."

Akaja Hobert Ison, mchunguzi wa vifo wa wilaya. Hobert ndiye pia mwenye biashara ya mazishi, na watu humtania kwamba hajawahi kulala njaa. Alimgeuza marehemu taratibu, akaguna.

"Nadhani ni moyo, Darrell. Lakini njoo uone hapa. Damu huteremkia upande uliolaliwa. Huyu damu yake imetulia ubavu wa kulia, naye tumemkuta chali."

"Kuna aliyemgeuza."

"Saa kadhaa baada ya kufa. Na tazama hili."

Kwenye shavu la kulia kulikuwa na mstari mwembamba, unene wa penseli. Ulianzia pembeni mwa mdomo, ukapita shavuni, ukateremka chini ya sikio mpaka shingoni.

"Kamba?" Tammy aliuliza, sauti imeshuka.

"Macho hayana vidoa vya mtu aliyenyongwa. Ila siwezi kuapa. Nitampeleka mjini wakampasue."

Hivyo Inspekta Napier akafungua jalada la mauaji.

Mwenye kibanda alisema Estill aligombana na mdogo wake, Arlis, Jumamosi pale kituoni, watu wakawageukia. Arlis akaitwa. Aliketi mbele ya meza ya inspekta bila kuvua kofia.

"Uligombana na kaka yako."

"Tunagombana kila Jumamosi. Tukiacha, mama yetu atafufuka aje kuuliza nani mgonjwa."

"Mligombania nini?"

"Hiyo sheria mpya ya matibabu. Estill aliisubiri Januari kama mtoto anavyosubiri zawadi. Nikamwambia, serikali kuu ya Washington italipa yote miaka ya mwanzo tu. Baadaye jimbo litatoa fungu lake, na jimbo hili halina hela ya kuziba mashimo barabarani. Watakata shule, watakata pensheni za walimu. Unaongeza watu kwenye Medicaid, hiyo bima ya serikali ya maskini, sawa, lakini nani analipa?"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Arlis, bajeti kaongee na gavana. Mimi Januari narudi nyumbani.'"

Hapo Arlis akauma mdomo, kama mtu aliyeropoka.

"Nyumbani wapi?"

"Sijui."

"Kaka yako alikuwa na nyumba ngapi?"

"Nimesema sijui, Darrell."

"Hata kofia hujavua."

"Kuna baridi."

"Jiko linawaka nyuma yako, Arlis."

Arlis aliivuta kofia ikamfunika macho. Tammy alitaka awekwe ndani palepale, lakini inspekta alichukua kofia yake, akasema waende kwanza kwa Verna, kule mwisho wa bonde.

Verna Caudill alifungua mlango polepole. Zamani alishona suruali kiwanda kimoja na mama yake Napier, mpaka vumbi la vitambaa likamla mapafu. Sasa alikuwa amevaa mpira wa oksijeni puani. Mpira ulizunguka masikio, ukashuka kifuani, ukatambaa sakafuni hadi kwenye mashine iliyokuwa ikihema pembeni.

Macho ya inspekta yalifuata mpira huo kutoka mwanzo hadi mwisho. Unene wa penseli.

"Pole sana, Dada Verna."

"Pole mpe Arlis. Mimi si mke wa mtu."

"Ulimwona Estill mara ya mwisho lini?"

"Siku nyingi."

"Nyingi kiasi gani?"

"Watu wakishaachana hawahesabiani siku, Darrell."

Mezani kulikuwa na beseni la matufaha makavu yaliyolowekwa. Beseni zima, kwa mwanamke mmoja mgonjwa anayekula kama ndege.

"Haya ya nini?"

"Keki."

"Ya matabaka?"

Verna alilisogeza beseni mbali naye. Milimani kwetu kila mtu anajua keki ya matabaka ya tufaha hupikwa kukiwa na harusi.

Inspekta alipiga goti karibu na kiti chake. Akaomba ruhusa kwa macho, akaushika mpira, akaukandamiza kwenye mkono wake mwenyewe kwa muda, kisha akauachia. Ulibaki mstari mwekundu, mwembamba.

"Estill ana alama kama hii. Shavuni mpaka shingoni. Hobert haondoi uwezekano kwamba amenyongwa. Nina jalada la mauaji mezani, Dada Verna, na jina lililomo ni la Arlis."

Mashine ilihema mara kadhaa.

"Arlis hajamuua mtu," alisema Verna. "Alimbeba tu. Mimi ndiye niliyemwita."

Tammy alikuwa amesimama mlangoni. Alifunga mlango, akabaki ndani.

"Kiwanda kilipofungwa, bima ikaenda nacho," Verna aliendelea, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Mapafu nikabaki nayo. Nikaomba kadi ya Medicaid. Wakatazama pensheni ya Estill ya mgodini, wakasema imezidi. Kidogo, lakini imezidi. Binti wa pale ofisini alikuwa na huruma, akasema kwa sauti ya chini, 'Mama, ungekuwa huna mume ungepata.' Tukaenda mahakamani tukaachana. Estill alilia kuliko siku aliyomzika mama yake. Akapanga kile kibanda ili awe na anwani. Hakulala kule hata siku moja. Giza likiingia anakuja, na kabla majirani hawajaamka ameshaondoka. Mume wangu wa ndoa, anaingia kwangu kama mwizi wa kuku."

"Na mpira?"

Aliushika mpira kwa vidole viwili.

"Nikilala nauvuta puani bila kujua. Siku moja alinikuta midomo imegeuka rangi. Tangu hapo akawa analaza shavu juu ya mpira. Nikiuvuta, unamsugua, anaamka, ananirudishia, ananiambia lala mama. Miaka yote hiyo hakupata usingizi wa moja kwa moja. Jana alfajiri niliamka nahema. Mpira umetoka, uko kifuani. Nikajua kabla sijamgusa."

Tammy aligeukia ukuta.

"Kwa nini hukupiga simu?" inspekta aliuliza.

"Niseme nini? Mwanamume niliyeachana naye amefia ubavuni kwangu na nguo za kulalia? Wangesema tumelidanganya jimbo. Na kweli, tumelidanganya. Wangedai walipwe kila kitu, wangenifutia kadi, kisha angekuja kijana na gari kuchukua mashine. Walimchukulia Opal wa kule juu ya kwake. Unakumbuka Opal alikaa siku ngapi."

Inspekta alikumbuka. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Tukamvalisha mimi na Arlis. Nikamchana. Blanketi lile nililishona mimi, sikuweza kumwacha kule bila kitu changu."

"Na keki?"

"Siku ya mwaka mpya mchungaji angetuozesha tena. Sheria mpya inapandisha kiwango. Kwa pensheni ile ile, mke na mume tungeingia wote wawili, bila kujificha. Kila jioni Estill aliwasha redio asikie kama kule makao makuu ya jimbo wameanza kusema hazina haitoshi. Aliogopa wataifuta kabla haijaanza. Haikufutwa, Darrell. Ni yeye aliyeondoka mapema."

Napier aliinuka pale alipopiga goti. Kisha akasema, maana ilibidi mtu aseme:

"Dada Verna, pensheni ile haihesabiki tena kwako. Hata kwa sheria ya zamani, sasa hakuna cha kukuzidishia kipato."

Verna alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo sasa nimekuwa maskini wa kutosha."



Hatimaye inspekta alitoa kalamu. Mpaka hapo alikuwa amesikiliza kama jirani, sasa ilibidi aandike maelezo. Wilaya nzima ilimjua Napier kwa swali lake la mwisho. Hulibakiza makusudi, mtu akishadhani yamekwisha, ndipo analiuliza.

"Estill alikuja kukuangalia kwa sababu unaumwa?"

"Ndiyo."

"Moyo ukamsimama humu ndani?"

"Ndiyo."

"Ukaogopa, ukamwita Arlis, mkamhamisha?"

"Ndiyo."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Swali lililobaki lilikuwa moja, Estill alikuwa akiishi wapi. Tammy alimtazama. Verna alimtazama. Mashine ikahema.

"Afande," Tammy alisema polepole, "tumemaliza?"

"Tumemaliza."

Alipofika hapo, Darrell aliweka uzi chini. Sheria ilimtaka aulize, alijua, na alikuwa amewafunga wengine kwa kunyamaza kudogo kuliko huko. Hakujisifu wala hakujitetea.

Majibu yalirudi kutoka mjini: moyo. Jalada la mauaji likafungwa. Hakimu aliwakaripia Verna na Arlis kwa kuhamisha maiti, akawatoza faini ndogo, akawaruhusu wakazike.

Walimzika Estill baada ya Krismasi. Karatasi zote za mazishi kwa Hobert zilitiwa sahihi na Arlis, kwa sababu Verna hakuwa ndugu wala mke. Kanisani alikaa nyuma, chupa ndogo ya oksijeni miguuni.

Arlis alimfuata. "Shemeji, njoo mbele."

"Mbele ni pa mke, Arlis."

Arlis alisimama akiikunja kofia yake mikononi. Kisha akaacha kiti cha ndugu wa marehemu kitupu, akaketi nyuma pamoja naye.

Baada ya maziko watu walikula maharage, mkate wa mahindi, na keki ya matabaka ya tufaha. Kila aliyekatiwa kipande alijua ni keki ya nini. Walikula wameinamisha vichwa, wala hakuna aliyeuliza.

Jioni ile Arlis alimrudisha Verna nyumbani, akaongeza kuni jikoni.

"Aliniambia Januari anarudi nyumbani," alisema. "Mimi nikamwambia habari za bajeti."

"Alikupenda tu hivyo hivyo. Nenda kalale."

"Siendi. Nitakaa hapa kwenye kiti niisikilize mashine. Mpira ukitoka nitajua."

"Utajuaje?"

"Nitajua."

Lakini alikuwa amechimba kaburi kwa mikono yake kwenye ardhi iliyoganda, na kabla moto haujashika vizuri alikuwa anakoroma, kidevu kifuani.

Verna aliingia kitandani upande wake. Akautandika mpira juu ya mto wa Estill, pale pale pa siku zote. Akautazama. Kisha akauvuta, akauzungusha mkononi mwake mwenyewe ili ukivutwa umwamshe, akaufumbata. Alikaa hivyo muda mrefu akiisikiliza mashine, mpaka vidole vikalegea kimoja kimoja, naye akalala.